Tundu la Msumari Kwenye Bati

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa imeezekwa kwa mabati yaliyokwisha kutumika kwenye nyumba nyingine, kwa hiyo yalikuja na matundu ya misumari ya zamani. Mvua iliponyesha tulijua kila tundu lilipo, maana bibi alitutuma tupange masufuria chini yake. Jua lilipowaka, matundu yaleyale yalifanya kazi nyingine. Yalishusha chumbani miale myembamba iliyong'aa kwa vumbi la ufagio, na pale kila mwale ulipotua palikuwa na duara dogo la mwanga lenye ukubwa wa sarafu. Asubuhi maduara hayo yalikuwa kwenye ukuta wa magharibi, yakishuka taratibu, na ilipofika adhuhuri yalikuwa yametambaa hadi katikati ya sakafu. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na jambo moja lilinisumbua sana: matundu yenyewe hayakuwa duara. Msumari unapong'olewa hupasua bati na kuacha mpasuko wenye ncha, hivyo nilishindwa kuelewa inakuwaje mwanga unaopita kwenye mpasuko utue ukiwa duara safi.

Swali hilo halikupata nafasi shuleni. Tulikariri kwamba mwanga ni aina ya nishati inayotuwezesha kuona vitu, kisha tukakariri sifa zake: husafiri katika mstari mnyoofu, huakisiwa, hupinda. Niliziandika zote kwenye mtihani na nikapata alama zote, bila kuhisi hata kidogo kwamba yale maneno "mstari mnyoofu" ndiyo yaliyokuwa jibu la maduara ya bibi. Uhusiano huo niliugundua nikiwa tayari mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na tangu siku hiyo sijawahi kuanza mada ya mwanga kwa kumwandikia mtoto maana yake ubaoni. Naanza na tundu.

Ukumbi wa shule ninayofundisha, hapa Dar es Salaam, una paa la bati, na fundi alipokuja kulikarabati nilimwomba aniachie tundu moja, ambalo huzibwa kwa plastiki mvua zikikaribia. Ukitaka doa la mwanga lenye ukingo mzuri, unabandika juu ya tundu kipande cha foili kilichotobolewa kwa sindano. Lakini kabla ya kufika kwenye sindano, nawapa watoto kadi ngumu waikate tundu la pembetatu, lenye upana wa nusu sentimita hivi, na nawatoa nje. Kadi ikishikwa karibu kabisa na daftari, mwanga unaopita una umbo la pembetatu, kama kila mtu anavyotarajia. Ikiinuliwa taratibu, ncha za pembetatu zinaanza kufifia, na mwenye kadi akipanda juu ya benchi huku mwenzake ameliweka daftari chini, pembetatu inakuwa imetoweka na mahali pake pamekuja duara. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa la sita alirudia kushusha na kuinua kadi yake mara kadhaa, kisha akasema, "Mwalimu, hili si umbo la tundu. Hili ni jua lenyewe."

Ndivyo ilivyo. Kila nukta ya uso wa jua inatoa mwanga kwenda pande zote, na kwa kuwa mwanga haukati kona njiani, ule unaotoka ukingo wa juu wa jua ukipita tunduni hauna budi kutua upande wa chini, na ule unaotoka ukingo wa kushoto utatua kulia. Kila nukta ya jua inachora chini kijidoa chenye umbo la tundu. Vijidoa hivyo ni vingi mno, vinalaliana, na vimepangwa kwa umbo la jua lililopinduliwa. Tundu likiwa dogo na umbali ukiwa mkubwa, umbo la tundu linamezwa na umbo la jua. Hakuna kanuni nyingine iliyohitajika hapo isipokuwa ile ya mstari mnyoofu, ambayo tulikuwa tunaikariri kama jambo dogo la kujazia orodha.

Ukishakubali kwamba doa lile ni picha ya jua, unaweza kulipima jua kwa rula. Tunduni tunafunga uzi na kuuvuta hadi katikati ya doa, tunapata urefu wa mwale ndani ya ukumbi. Kisha tunapima upana wa doa. Jua likiwa upande, doa huwa na umbo la yai, na hapo tunachukua ule upana mfupi. Darasa langu lilipata uzi wa mita 4 na doa la sentimita 4. Upana wa doa ukigawanywa kwa urefu wa uzi unatoa moja ya mia, na uwiano huohuo ndio uliopo kati ya kipenyo cha jua na umbali wake kutoka kwetu, kwa sababu miale ni ileile, iliyonyooka kutoka kule hadi hapa. Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150. Moja ya mia ya hizo ni kilomita 1,500,000. Wanaanga wanasema kipenyo cha jua ni kama kilomita 1,390,000, kwa hiyo watoto wa darasa la sita, kwa uzi, rula na kipande cha foili, walikosea kwa asilimia 8 hivi, na sehemu ya kosa hilo inatokana na tundu lenyewe, ambalo haliwezi kuwa na upana wa sifuri. Nawaambia wahesabu dunia ngapi zingepangwa safu moja kukatisha jua, wanapata zaidi ya mia. Ukumbi unanyamaza kwa namna ambayo mwalimu yeyote angetamani kuisikia mara kwa mara.

Mwanga unaotua pale sakafuni umeondoka kwenye jua dakika 8 na sekunde 20 hivi kabla. Kasi yake katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde; kwa mwendo huo ungeizunguka dunia mara saba na nusu kabla hujamaliza kutamka neno "moja". Kwa karne nyingi watu wengi wenye elimu waliamini kwamba mwanga hauchukui muda wowote kusafiri. Mwaka 1676, Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, alionyesha kwamba mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii (Jupita) unaonekana kuchelewa kuingia kivulini pale dunia inapokuwa mbali na sayari hiyo, na akaeleza kuwa kuchelewa huko ni muda wa mwanga kuvuka umbali ulioongezeka. Watoto wetu wana ushahidi ulio karibu zaidi, kila msimu wa masika. Radi inapiga, mmweko unaonekana papo hapo, na ngurumo inakuja baadaye, maana sauti hutembea kama mita 340 tu kwa sekunde. Ukihesabu sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo, radi ilikuwa umbali wa kilomita moja.

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, nyumbani kwa shangazi yangu, siku ya Alhamisi ambayo watu wengi walisafiri kwenda huko kushuhudia kupatwa kwa jua. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia siku ile, kwa hiyo haukutosha kulifunika jua lote. Ulibakiza ukingo wa pande zote, kama pete. Miwani maalumu ilikuwa michache na tulikuwa tukipokezana. Shangazi, ambaye macho yake yalikwisha kumsumbua kwa miaka mingi, hakuitaka zamu yake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, akaniita: "Mwanangu, njoo utazame chini." Mkeka wote, mchanga wote, na khanga aliyokuwa amejitanda mabegani vilikuwa vimejaa hilali. Kila uwazi kati ya majani ya mwembe ulikuwa tundu la msumari, na kila tundu lilikuwa linachora jua jinsi lilivyokuwa wakati ule. Karibu na saa sita mchana hilali zilifunga ncha zao zikawa pete, mamia ya pete nyembamba zikitikisika pamoja kila upepo ulipogusa majani. Zilidumu kwa dakika tatu hivi, mwanga ukiwa umefifia na hewa ikiwa na ubaridi kidogo, kisha zikafunguka upande wa pili na kuwa hilali tena. Wengi waliokuwa wameinua nyuso zao hawakuziona.

Nasisitiza hapa, kwa sababu nina wajibu wa mwalimu: jua halitazamwi kwa macho matupu, wala likipatwa, wala kwa miwani ya kawaida ya jua. Tundu linakuwezesha kulipa jua mgongo na bado ukaliona.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa kina ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya sehemu kubwa ya kazi yake Cairo. Aliandika risala maalumu kuhusu umbo la kupatwa kwa jua, akaeleza kwa nini hilali inaonekana tundu likiwa dogo na inapotea likiwa kubwa. Kitabu chake kikuu, Kitab al-Manazir, kina jina ambalo Mswahili hapaswi kuliona geni: manazir ni wingi wa neno lilelile lililotupatia "mandhari", kama vile "nuru" na "kusufu" yetu vilivyotoka huko. Katika kitabu hicho anaeleza jaribio ambalo nimelifanya mara nyingi na halijawahi kuniangusha. Panga taa kadhaa, sisi tunatumia mishumaa mitatu, mbele ya tundu linaloingia kwenye chumba cha giza. Ukutani ndani yatatokea madoa matatu. Ziba mshumaa mmoja, na doa moja tu litatoweka, lile lililo kwenye mstari mnyoofu na mshumaa huo. Miale yote mitatu imepita kwenye tundu moja bila kuchanganyikana wala kusukumana. Tafadhali mwache mtoto azibe mwenyewe kwa kiganja chake, na umwombe aseme ni doa lipi litazimika kabla hajaziba.

Ibn al-Haytham alikuwa na hoja kubwa zaidi ya kujenga, nayo ndiyo inayonipa kazi kila mwaka. Nikiwaambia watoto wachore jinsi tunavyoliona embe mezani, wengi huchora mshale unaotoka jichoni kwenda kwenye embe. Siwalaumu. Lugha yetu inasema tunatupa jicho, tunakaza macho, tunamtupia mtu jicho la hasira, kana kwamba kuna kitu kinachotoka. Euclid na Ptolemy, wanahesabu wakubwa wa kale, walifikiri vivyo hivyo. Ibn al-Haytham alishikilia kwamba mwanga hutoka kwenye taa au kwenye jua, hugonga embe, na sehemu yake huja jichoni. Akakumbusha kwamba mwanga mkali huliumiza jicho, jambo ambalo lingekuwa gumu kulieleza kama jicho ndilo linalotoa. Naongeza swali langu: kama macho yangetoa miale, kwa nini usiku chumba hakionekani taa ikizimwa? Kuna mwaka ambao mvulana mmoja alinijibu kwamba paka huona. Tulimfuatilia paka wa jikoni hadi stoo isiyo na dirisha, tukapata kwamba macho yake hung'aa pale tu tochi inapomulikwa kwake.

Boksi la viatu lililotobolewa upande mmoja, na upande wa pili likawekwa karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia, linamaliza ubishi uliobaki. Mtoto anajifunika kitenge kichwani, analielekeza tundu uwanjani, na kwenye karatasi anawaona wenzake wamesimama kichwa chini, miguu juu, wakiwa na rangi zao zote za sare. Jicho lake nalo linafanya hivyohivyo, isipokuwa tundu lake lina lenzi, na picha iliyopinduliwa huangukia nyuma ya jicho, ambako ubongo umezoea kuisoma.

Kuakisiwa nakupitia kwa haraka zaidi, kwa sababu mtoto aliyewahi kudundisha mpira ukutani tayari anajua sehemu kubwa: pembe unayoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Tunaithibitisha kwa tochi, kioo bapa na kipimapembe. Kitu kinachostahili muda ni kimo cha kioo. Ili ujione kuanzia utosini hadi nyayoni unahitaji kioo chenye nusu ya urefu wako, kikitundikwa mahali panapofaa, na kurudi nyuma hakubadilishi chochote. Hakuna mtoto anayeamini maneno hayo. Mwenye sentimita 140 anabandikiwa magazeti kwenye kioo hadi zibaki sentimita 70, anarudi nyuma hatua moja, mbili, hadi mgongo unagusa ukuta, na bado anaona kilekile alichokiona mwanzo. Karatasi nyeupe nayo huakisi mwanga mwingi, ila uso wake una mikwaruzo isiyoonekana, hivyo kila mwale hutupwa upande wake. Ndiyo maana ukurasa husomeka kutoka pembe zote za darasa lakini huwezi kujitazama ndani yake.

Kupinda kwa mwanga ni somo ambalo nalifundisha kwa uzito tofauti. Weka sarafu chini ya bakuli lisilopitisha mwanga, mwambie mtoto arudi nyuma hadi ukingo wa bakuli uifiche sarafu, kisha mimina maji polepole. Sarafu inapanda na kuonekana, ingawa hakuna aliyeigusa. Mwanga ndani ya maji hupunguza kasi hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na unapotoka kwenda hewani kwa mshazari hubadilisha mwelekeo pale pale kwenye uso wa maji. Jicho halijui kwamba njia ilipinda. Linaufuata mwale kwa mstari mnyoofu na kuiweka sarafu juu ya pale ilipo. Wavuvi wanaochoma pweza na samaki kwa mkuki wanajua kulenga chini ya pale wanapomwona. Watoto wengi wanaoingia mtoni hawajui. Maji safi yakitazamwa kutoka juu huonekana yana robo tatu tu ya kina chake cha kweli, na ukitazama kwa mshazari kutoka ukingoni yanaonekana mafupi zaidi. Mahali panapoonekana kufika kifuani mwa mtoto panaweza kumfunika kinywa. Nikifika hapo nafunga kitabu na kulirudia jambo hilo kwa maneno ya kawaida, kwa sababu wapo watoto katika kila darasa langu wanaokwenda kuogelea bila mtu mzima.

Halafu kuna rangi. Isaac Newton, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwaka 1666, alitoboa tundu kwenye kibao cha dirisha, na nafurahi kwamba hapa pia ni tundu. Akaupitisha mwale wa jua kwenye prizimu, kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu, na kuona ukitanuka ukutani: nyekundu, rangi ya chungwa, njano, kijani, buluu, nili, urujuani. Wengi wa wakati wake walidhani kioo ndicho kinachoutia mwanga rangi. Newton alichukua rangi moja tu, akaipitisha kwenye prizimu ya pili, na haikubadilika. Alipozikusanya zote upya, ukarudi mwanga mweupe. Rangi zilikuwamo tangu mwanzo. Kila moja hupinda kwa kiasi chake, urujuani zaidi na nyekundu kidogo, kwa sababu mwanga ni mawimbi na kila rangi ina urefu wake wa wimbi, kuanzia nanomita 700 hivi kwa nyekundu hadi karibu 400 kwa urujuani. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ndani ya unene wa unywele mmoja yanaingia mawimbi kama mia moja ya mwanga mwekundu.

Prizimu ni ghali, lakini mtu akilipa jua mgongo na kurushia maji hewani kwa mpira wa bustani, upinde wa mvua unatokea mbele yake, kwa nyuzi 42 hivi kutoka kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Kutokana na pembe hiyo, jua likiwa juu sana, upinde hauwezi kuonekana angani, ndiyo maana katika nchi zetu za tropiki tunauona asubuhi na alasiri, na hatuuoni adhuhuri. Kwa rangi za vitu natumia karatasi nyekundu ya pipi iliyofungwa kwenye tochi. Katika chumba cha giza, maandishi ya kalamu nyekundu kwenye karatasi nyeupe hutoweka kabisa, na ya buluu huwa meusi. Wino wa buluu hufyonza mwanga mwekundu na hauna buluu ya kurudisha, kwa kuwa hakuna iliyoletwa. Khanga nyekundu ni nyekundu kwa sababu hiyohiyo: inafyonza rangi nyingine na kuirudisha nyekundu. Anga nayo ni ya buluu kwa sababu chembe za hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi kuliko marefu, urujuani ikitawanywa takriban mara tisa zaidi ya nyekundu. Jua likizama, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi mno, buluu huishia njiani, na tunabakiwa na ule wekundu.

Oktoba iliyopita, tarehe 10, tulifanya jambo nililokuwa nimelipanga kwa muda mrefu. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe hiyo ya Oktoba. Fundi aliniazima timazi, ule uzi wenye kitu kizito mwishoni. Tuliifunga tunduni, ikaning'inia hadi ncha yake ikakaribia kugusa sakafu, tukasubiri itulie. Saa sita doa la jua lilikuwa sentimita kumi hivi upande wa magharibi wa timazi. Hakuna aliyelisukuma, na watoto hamsini na kitu walikuwa wamepiga magoti kulizunguka, wakiweka alama kwa chaki kila dakika. Nje, chupa tulizozisimamisha zilikuwa zimebaki na kivuli kama ukucha. Saa sita na dakika kumi doa liliifikia timazi na kuizingira ncha yake pande zote, likiwa duara kamili, na uzi wote, kutoka paani hadi chini, ukawaka.